Mafuta ya mkaratusi na mnanaa ya kujifukizia: yanafungua pua kweli?

Naipa nyota tatu kati ya tano na zote tatu ni za usiku, mchana sioni kazi yake sana.

Ni ile chupa ndogo ya kahawia, mafuta ya mkaratusi yamechanganywa na mnanaa, unadondoshea kwenye beseni la maji ya moto, unajifunika taulo unajifukiza. Mi niliichukua mafua yaliponibana vibaya, matundu yote mawili yameziba, unalala mdomo wazi unaamka koo limekauka halipitishi hata mate. Ukiinamia ule mvuke harufu inakupanda mpaka kichwani, machozi yanatoka, alafu baada ya muda kidogo unahisi hewa inapita. Aisee ile raha acha tu.

Sasa hapo kwenye "unahisi" ndo pana mambo. Pua ikiziba sio kamasi peke yake, mara nyingi ni ile nyama ya ndani ya pua imevimba kwasababu mishipa ya damu imejaa, ndo maana unapenga weee hakitoki kitu na bado imeziba. Mentholi iliyoko kwenye mnanaa haiondoi huo uvimbe, inachofanya inaamsha neva zinazohisi baridi, ubongo unaletewa habari kwamba hewa ya baridi inaingia ya kutosha, basi wewe unajiona umefunguka. Wataalamu wameshapima hewa inayopita puani kabla na baada ya mtu kunusa mentholi, hewa ni ileile. Kwangu hilo sio tatizo, shida yangu ilikuwa usingizi na usingizi nimepata, sema lebo imeandika inasafisha mapafu na kutoa sumu mwilini, hapo wametupiga jamani.

Na hiyo lebo inasema udondoshe matone kumi. Usithubutu, macho yatawaka moto! Mawili matatu yanatosha kabisa na ufumbe macho.

Kilichoniudhi zaidi ni kifuniko, kinafunguka kirahisi mno hata mtoto anafungua. Haya mafuta hayanywewi, mkaratusi hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kumletea mtoto degedege na kumpotezea fahamu, kampuni inayouza kitu kama hiki bila kifuniko cha kubonyeza ndo kifunguke sijui inawaza nini. Alafu usimpake mtoto mchanga mentholi wala kafuri karibu na pua, pumzi inaweza kumbana palepale. Na wenye pumu muwe makini, harufu kali kama hii inaweza kuamsha shambulio. Beseni nalo liweke mezani pakavu pasipotikisika, sio kitandani wala mapajani, watu wanaungua vibaya sana na haya maji ya kujifukiza hasa watoto.

Mchana mi natumia maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, nasafisha pua. Hayana harufu hayana mbwembwe ila kamasi linatoka kweli, nyie jaribuni muone. Tangawizi na asali nakunywa kwa ajili ya koo, asali inatuliza kikohozi vizuri tu ila mtoto chini ya mwaka 1 asipewe kabisa kuna hatari ya botulizimu, yaani sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Ile ya kuchomeka punje ya kitunguu saumu puani mniache nayo, ukiitoa kamasi linachuruzika kweli lakini ni kwasababu pua imewashwa, mwisho inavimba zaidi.

Kuna dawa za kupuliza za famasi ambazo zenyewe zinabana ile mishipa kwelikweli, zina nguvu kuliko haya mafuta, ila ukizizoea zaidi ya siku chache pua inaziba upya mbaya kuliko mwanzo, kwahiyo kwa mafua ya kawaida bora nijifukize tu. Ila kama unahema kwa shida, kifua kinauma au homa haishuki, hapo beseni weka pembeni uende hospitali.

Hii chupa ikiisha nitatafuta ya mkaratusi mtupu, mnanaa wao umezidi, na ikiwa na kifuniko cha maana ntaongeza nyota.