The Voices: unacheka halafu unanyamaza ghafla

Jana usiku nimemaliza kucheki The Voices, muvi ya 2014 ya Marjane Satrapi, na mpaka sasa bado naiwaza. Ryan Reynolds ni Jerry, jamaa mpole anayepiga kazi kiwanda cha mabafu, anaishi na mbwa na paka na hao wanyama wanaongea naye, mbwa anamshauri mema, paka matusi juu ya matusi na anamchochea aue, na sauti zote mbili ni za Reynolds mwenyewe! Hapo nilicheka sana.

Ila kuna sehemu ilinikata kicheko kabisa. Jerry ni mgonjwa wa akili, na daktari wake kamsisitizia anywe dawa, siku akazinywa kweli, basi akiamka ile nyumba tuliyokuwa tunaiona inang'aa kumbe imejaa uchafu na damu, kile kichwa cha mwanamke ambaye Jerry alimuua, kilichopo kwenye friji, kilichokuwa kinampigia stori huku kinatabasamu kimeoza, paka na mbwa kimya. Jerry anazitupa dawa. Yaani hapo ndo nikaelewa kwa nini mgonjwa anaweza kuacha dawa, sio ukaidi, anauogopa ule upweke.

Kinachoniuma ni kwamba wameunganisha tena ugonjwa wa akili na mauaji, wakati wagonjwa wengi hawamdhuru mtu yeyote, mara nyingi wao ndo wanaoumizwa. Wimbo wa mwisho nao naona wamezidisha. Lakini Reynolds hapa kaigiza kuliko muvi zake zote nilizoziona. Damu ni nyingi, watoto wasiwepo.