Barchester Towers: uzoefu wangu na riwaya ya makasisi wanaogombea vyeo

Nimemaliza kuisoma Barchester Towers, riwaya ya Anthony Trollope iliyotoka mwaka 1857, baada ya kuianza na kuiacha mara mbili. Kilichonikwamisha ni vyeo vya Kanisa la Anglikana la Uingereza, kwa maana asiyejua shemasi mkuu (kasisi anayemsaidia askofu kuongoza dayosisi) ni nani na mkuu wa kanisa kuu (kasisi anayelisimamia kanisa la askofu) ana mamlaka gani atapotea mapema sana. Safari ya tatu nilitangulia kusoma The Warden ya mwaka 1855, kitabu kifupi kinachofungua mfululizo huo wa riwaya 6, nikaingia katika hiki nikiwa nimekwisha kumfahamu kasisi mzee Harding na mkwewe Grantly.

Sura ya kwanza ndiyo iliyonikamata. Askofu mzee yu mahututi, na mwanawe, Shemasi Mkuu Grantly, ameketi kando ya kitanda akipiga hesabu: serikali ndiyo inayochagua askofu, na ile inayompendelea iko mbioni kuanguka, hivyo baba akifa upesi kiti ni chake, akikawia kitakwenda kwa mwingine. Anajiuliza kama kweli anatamani kifo cha baba yake, kisha anapiga magoti kuomba msamaha. Hapo niliacha kumcheka. Mzee anapokata roho, simu ya maandishi inapelekwa London, lakini wakati umekwisha kupita.

Anayepewa uaskofu ni Dakta Proudie, ingawa anayeiendesha dayosisi ni mkewe, akishindana na kasisi wa nyumba yao, Obadiah Slope, mwanamume mwenye viganja vya jasho ambaye hata kumpa mkono ni adhabu. Slope anapanda mimbarini na kuuponda uimbaji wa ibada, naye Harding, ambaye uimbaji huo ndio uhai wake, amekaa papo hapo akisikiliza. Niliwahi kuimba kwaya, na kurasa hizo zilinichoma.

Vita vikubwa vinahusu usimamizi wa Hospitali ya Hiram, ambayo, licha ya jina lake, ni makao ya wazee maskini. Mgombea mmojawapo, Quiverful, ana watoto 14, na mkewe anadandia mkokoteni wa mkulima ili akamlilie Bibi Proudie. Kwa watu wa aina hiyo cheo ni mkate wa watoto, jambo ambalo mwandishi halisahau hata anapofanya mzaha.

Kwa kichekesho kitupu, hakuna kinachoshinda tafrija ya askofu, pale kochi alilolalia Signora Neroni, mrembo kilema, linaposukumwa, gurudumu likanasa lesi za gauni la Bibi Proudie na kuzichana mbele ya wageni.

Kasoro zipo. Sherehe ya Ullathorne, jumba la matajiri wa mashambani, inachukua sura nyingi kupita kiasi, na mwandishi, katika sura ya 15, anatuambia waziwazi wanaume ambao Eleanor, binti mjane wa Harding, hatakubali kuolewa nao. Mimi nilipendezwa na ujeuri huo, lakini apendaye fumbo atanuna. Nakala yangu ya karatasi nayo ilikuwa na herufi ndogo mno, nikalazimika kuiweka kando na kumalizia kwenye simu, kwa nakala ya bure ya Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni.

Slope anaishia wapi sitasema, ila kofi analozabwa na Eleanor bustanini nililisoma mara mbili.