Multimita ya shilingi 650 na MGB yangu ya 1972: miezi minane uani

Wenye haraka nawapa hukumu mapema: kinunue, kitie betri mpya siku hiyohiyo, na kikikulilia "piii" usikiamini. Wenye nafasi tukae kitako.

Ninachokizungumzia ni kile kipimo cha umeme cha manjano kinachoenea kiganjani, chenye swichi kubwa ya kuzungusha katikati, matundu matatu chini na waya mbili, mwekundu na mweusi. Kinauzwa kwa majina chungu nzima, na ukikifungua ndani ni kilekile. Changu nilikinunua hapa Mombasa kwa shilingi 650. Nimekitumia kwenye gari moja tu, MGB ya 1972, ile ya viti viwili na paa la turubai. Nilipoikokota nyumbani haikuwa na taa hata moja iliyowaka, ukiacha moja ambayo ilikuwa ikiwaka usiku na mchana bila mtu kujua. Hiyo nitaifikia.

Kwa wasioijua, MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Injini ya cc 1798, kabureta, hakuna kompyuta. Umeme wake ni wa Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, na Waingereza wenyewe wana utani wa kumwita Lucas Mwanamfalme wa Giza. Mimi naona wanamwonea. Nusu karne ya upepo wa chumvi, na juu yake mafundi wa kupita waliokata waya na kuziunga kwa selotepu, ingeua umeme wa gari lolote lile. Tena Lucas ametufanyia hisani moja kubwa: rangi. Waya wa kahawia una moto, yaani umeme, muda wote, hata funguo ukiwa mfukoni. Mweupe hupata moto ukifungua swichi. Wa kijani ni moto uleule wa mweupe baada ya kupita kwenye fyuzi, na wa zambarau ni ule wa kahawia baada ya fyuzi. Bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari. Usipoyajua hayo, utadungadunga waya hadi magharibi na kipimo hakitakwambia kitu. Na kama MGB yako ni ya kabla ya toleo la 1968, angalia kwanza betri ilivyofungwa. Zile za mwanzo chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi, kinyume na magari ya leo.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa betri. Gari likilala siku mbili, siku ya tatu stata inatoa "tk" moja na kunyamaza. Nilikuwa nimeshanunua betri ya pili kabla ya kununua kipimo, aibu ninayoikubali. Betri ya MGB hukaa nyuma ya viti, chini ya kifuniko. Nilifungua waya wa hasi, nikakipitisha kipimo katikati, ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye waya niliouchomoa, swichi kwenye ampea 10. Milango imefungwa, funguo mfukoni. Kikasoma 0.41.

Unaweza kusema hiyo ni kitu gani. Izidishe kwa saa 48: karibu ampea-saa 20, nusu ya betri yangu nzima, na betri ikishabaki nusu, stata huweza kushindwa. Nikaenda kwenye fyuzi, ambazo kwenye gari hili hazimalizi vidole vya mkono mmoja, nikawa nachomoa moja moja huku binti yangu ananisomea namba. Ya zambarau ilipotoka akaita, "Sufuri, Baba!" Kwenye zambarau kuna honi, taa ya ndani na taa ya buti. Honi kimya, taa ya ndani imezima. Nikafungua buti, taa ikawa inawaka, kama inavyopaswa buti likiwa wazi. Nikafunga. Sasa utajuaje kama imezima? Mimi nilishaanza kufikiria kutoboa tundu. Binti akaniambia, "Baba, si utie simu ndani irekodi?" Tukatia, tukafunga, tukafungua. Video nzima ya dakika moja ni tairi la akiba likiwa limeangaziwa kama bi harusi. Kiswichi cha taa kilikuwa kimeota kutu kikanasa. Nilikisugua kwa msasa, nikakipaka grisi, kipimo kikasoma sufuri.

Hapo kipimo kilijilipa. Kesho yake kikataka kuniunguza.

Nilikuwa nimeuacha waya mwekundu kwenye tundu la 10A. Asubuhi, chai mkononi, nikataka kuangalia volti za betri tu, nikagusisha ncha mbili kwenye betri. Tundu hilo la ampea ni sawa na kipande cha waya mtupu, kwa hiyo nilichokifanya ni kuipiga betri shoti kwa mikono yangu. Cheche, mlio, ncha moja ikaacha kidonda kwenye risasi ya betri, na plastiki ya waya ikalegea kama ubani motoni. Kipimo kilipona, waya hazikupona. Ukikitazama vizuri, pembeni mwa tundu hilo kimeandikwa kwa herufi za sisimizi kwamba halina fyuzi. Lile tundu la miliampea lina fyuzi ndogo, hili kubwa halina. Nyota moja inatoka hapo. Ukimaliza kupima ampea, chomoa waya mwekundu urudishe kwenye tundu la volti kabla hujaenda kunywa maji.

Ugonjwa wa pili ndio ulionifanya niandike. Gari likitembea dakika ishirini linakohoa, linazima. Pampu ya petroli ya MGB ni ya umeme, ya kampuni ya SU, iko huku nyuma, na ukifungua swichi unaisikia inagonga tik-tik-tik hadi kabureta zijae. Gari likizima, tik-tik hakuna. Nikiigonga kwa mpini wa bisibisi inaamka. Kila niliyemweleza alisema pampu imekufa, nunua nyingine, na pampu mpya si bei ya mchezo.

Nikapima. Waya mweupe ukiwa umechomolewa kwenye pampu: volti 12.4. Safi. Ethi nikaijaribu kwa ile alama ya sauti, inayolia umeme ukipata njia kutoka ncha moja hadi nyingine: piii. Safi. Basi ni pampu. Nilikuwa nimeshatoa bolti moja alipopita fundi wa waya wa mtaani kwetu, mzee aliyefunga waya za matatu tangu mimi nikiwa shule. Akainama, akatazama kipimo changu, akacheka.

"Mwanangu, hicho kinanusa umeme tu. Umeme wa kunusa si umeme wa kazi."

"Lakini kinasoma kumi na mbili, Mzee."

"Hata waya ukibaki unywele mmoja kitasoma kumi na mbili. Mpe mzigo aubebe."

Akatoa mfukoni testa yake: balbu ya indiketa ya wati 21, waya mbili zilizochomelewa kwa risasi, ncha ya msumari. Akaifunga mahali pa pampu, kati ya waya mweupe na mweusi. Ilitakiwa iwake nyeupe ya kuumiza macho. Ikawaka rangi ya chai ya maziwa. Nikaweka kipimo kwenye balbu hiyohiyo ikiwa inawaka: 8.9.

Tukatafuta zilikokwenda volti nyingine. Balbu ikiwa bado inawaka, niliweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya mweusi wa pampu. Ethi nzima ingesoma karibu na sufuri. Ilisoma 2.7. Kisha chanya ya betri na waya mweupe: 0.8. Jumlisha mwenyewe: 8.9 na 2.7 na 0.8 ni 12.4. Volti zote zimepatikana, na sehemu kubwa ilikuwa inaliwa kwenye ethi ileile iliyoniimbia piii. Kelele ya kipimo haina maana ya waya mzima. Vipimo vya aina hii hulia hata palipo na makumi ya ohm, yaani ukinzani wa kuuzuia umeme, na pampu hii haivumilii hata mbili.

Waya mweusi ulikuwa umefungwa kwa bolti nyuma ya gari, na aliyelipaka gari rangi miaka hiyo aliipaka na bolti. Chini ya rangi, kutu. Nilikwangua hadi chuma king'ae, nikaweka washa ya meno, nikapaka grisi juu. Zile 0.8 za upande wa pili zilikuwa kwenye kiungio, zile ncha za shaba mfano wa risasi ya bunduki zinazosukumwa ndani ya kikopo cha mpira. Kikopo kilikuwa cha kijani kwa ndani. Balbu ikarudi kusoma 12.1. Pampu ni ileile ya zamani, na juzi imenifikisha Kilifi na kunirudisha.

Mzee sikumlipa kitu, alikataa. Nimeshajitengenezea testa yangu ya balbu, na ukiniuliza kipi nitaokoa nyumba ikiungua, nitaichukua hiyo kwanza. Ila testa haisemi 2.7 wala 0.8. Inakwambia kuna mgonjwa, kipimo kinakwambia yuko chumba kipi.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Mwezi wa tano hivi, altaneta, mashine inayoichaji betri, ilianza kusoma volti 15.8 injini ikiwa imewaka. Hiyo ni kuichemsha betri. Nilitoa altaneta, nikaipeleka dukani, nikaacha amana ya nyingine. Wakati naifunga nyingine nikapima betri gari likiwa limezima kabisa: 13.9. Betri iliyopumzika usiku kucha haisomi 13.9 hata iwe mpya. Nikaazima kipimo cha jirani, kikasoma 12.5. Nikafungua changu nyuma, nikabadilisha ile betri ya volti 9, nacho kikasoma 12.5. Yaani kipimo kikipungukiwa na chakula, hakisomi chini, kinasoma juu, na changu hakikunipa onyo lolote. Altaneta yangu haikuwa na neno. Amana sikurudishiwa, na sikumlaumu mtu. Tangu siku hiyo, kabla ya kazi naanza kupima kitu ninachokijua, betri mpya ya rimoti ya volti 1.5, ndipo niliguse gari.

Taa kubwa sitazungumza sana. Zilikuwa hafifu, kipimo kilionyesha volti 10.7 kwenye balbu injini ikizunguka na betri ikisoma 14. Umeme wote wa taa unapitia swichi ya dashibodi na ile ya kwenye usukani, waya nyembamba za zamani, ampea tisa na zaidi. Nikafunga rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme kidogo, karibu na taa, waya nene kutoka betrini na fyuzi yake, na swichi za zamani zikabaki na kazi ya kuziamrisha rilei tu. Ikawa 13.5. Jioni moja ya kazi, na sasa nauona ukuta wa jirani vizuri kuliko anavyopenda.

Nyota: tatu na nusu kwa tano. Usahihi wa volti, kikiwa na betri nzima, sina ugomvi nao. Waya zake ni fupi na laini mno, nilinunua nyingine zenye koleo za mamba, ukweli ni kwamba waya hizo zimenigharimu karibu sawa na kipimo chenyewe. Skrini haina mwanga, chini ya dashibodi utaweka tochi mdomoni. Sijawahi kukitumia kwenye umeme wa nyumba na sikushauri.

Geji ya petroli bado inasema tanki limejaa, hata siku niliyolikausha. Waya wake wa kijani wenye mstari mweusi umegusa bodi mahali fulani kati ya tanki na dashibodi, na zulia lote limo njiani. Hilo ni la Jumamosi, binti akitoka madrasa.