Hali ya giza kwenye Word: usiku naikubali, mchana naizima

Kazi yangu ni kuhariri miswada, na sehemu kubwa naifanya usiku watu wakishalala. Zamani hali ya giza ya Word ilitia weusi kwenye menyu tu, ukurasa wenyewe ukabaki mweupe pe, kwa hiyo macho hayakupata nafuu yoyote. Mwaka 2021 Microsoft ilipoanza kuutia giza na ukurasa kwa watumiaji wa Microsoft 365, mambo yakabadilika kabisa.

Kuiwasha ni rahisi: nenda File, kisha Account, na kwenye Office Theme uchague Black. Baada ya hapo, ukifungua View utakuta kitufe cha Switch Modes. Mimi kitufe hiki ndicho nakipenda kuliko vyote. Ukikibofya, ukurasa unarudi mweupe huku menyu zikibaki nyeusi. Ukibofya tena, giza linarudi. Faili lenyewe haliguswi, na ukiprinti karatasi inatoka kama kawaida.

Usiku, taa ikiwa hafifu, nasoma sura nzima bila macho kuwasha. Lakini mchana nikikaa karibu na dirisha, naona uso wangu kwenye kioo cha kompyuta kuliko ninavyoyaona maandishi. Hapo nazima bila kusita. Na wenye astigmatizimu, yaani kasoro ya jicho inayofanya vitu vionekane na ukungu, wasijilazimishe, maana wengi wao huona herufi nyeupe zikisambaa ukungu juu ya weusi.

Jambo la kuangalia sana ni rangi. Word huzipoza kidogo ili ziendane na giza, kwa hiyo nyekundu na njano unazoziona sizo zitakazotoka kwenye karatasi. Majedwali na vichwa vya rangi mimi huvipitisha kwenye ukurasa mweupe tu, hata kama ni saa nane za usiku.

LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia kama Word, nayo nimeitumia gizani, na inafaa, ila huko rangi ya herufi ina mambo yake. Maandishi yenye rangi ya Automatic hugeuka meupe yenyewe. Aya ambayo mwandishi aliichagulia weusi kwa mkono hubaki nyeusi juu ya weusi, na utadhani imefutwa. Ukikuta pengo la namna hiyo katikati ya ukurasa, usimpigie mwandishi simu kwanza: buruta kipanya juu ya pengo, rudisha rangi kuwa Automatic, maneno yatatokea.