Tathmini ya Darasa la Mipigo Laini ya Pikoboli, Malindi

Darasa la asubuhi linaloendeshwa na mwalimu mmoja wa pikoboli, mchezo unaofanana na tenisi unaochezwa kwa ubao wa mkononi na mpira wa plastiki, kwenye uwanja wa tenisi wa hoteli iliyo kando ya barabara ya Casuarina, hapa Malindi, linashughulikia jambo moja tu, nalo ni namna ya kuupiga mpira kwa upole ukiwa karibu na wavu. Ada yake ni shilingi 800 kwa saa, na kwa maoni yangu inastahili, ingawa lipo jambo kuhusu uwanja wenyewe ambalo halipaswi kuachwa lilivyo.

Kila upande wa wavu kuna eneo la futi 7, yaani takriban mita 2.13, ambalo wachezaji huliita jikoni. Mchezaji aliyesimama humo, au aliyekanyaga hata mstari wake, haruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Kwa sababu hiyo mpira unaopita juu kidogo tu ya wavu na kudunda ndani ya eneo hilo humlazimu mpinzani kuinama na kuuinua, akakosa kabisa nafasi ya kuupigilia. Sisi tuliotoka kwenye tenisi hupungukiwa na subira ya mpigo huo, na hapo ndipo mwalimu huyu anapoonyesha umahiri wake.

Huanza na mkono. Hupita kwa kila mwanafunzi akiuvuta ubao taratibu, na ukikataa kusogea hujua kwamba umeushika kwa nguvu kupita kiasi. Kisha hutaka kifundo cha mkono kitulie, magoti yakunjwe, na mpira upigwe ukiwa mbele ya mwili, kwa kuusukuma kutoka begani kama mtu anayempa mwenzake kikombe cha kahawa kilichojaa. Mama mmoja wa makamo, ambaye mipira yake yote ilikuwa ikiruka juu, aliambiwa, “Mama, usiufuate mpira kwa kiganja, shuka kwa magoti.” Alipotii, mpira ulianza kupita juu kidogo tu ya wavu na kuangukia miguuni mwa mwenzake. Zoezi ninalolithamini zaidi ni la kupiga kimshazari, kwa kuwa njia hiyo ni ndefu zaidi na hupitia katikati, ambako wavu huwa chini kuliko pembeni, hivyo mchezaji hupata nafasi kubwa ya kukosea bila kuadhibiwa. Baada ya kila mpigo ubao hurudishwa mbele ya kifua, na mwalimu hamsamehe anayelisahau hilo hata mara moja.

Sasa nije kwenye uwanja. Mistari ya pikoboli imebandikwa kwa utepe juu ya ile ya tenisi, jambo ambalo linavumilika. Lisilovumilika ni kwamba wavu umeachwa kwenye kimo cha tenisi, yaani sentimita 91.4 katikati, ilhali pikoboli hutaka 86.4. Sentimita 5 ni nyingi mno kwa mpigo wa aina hii, kwani anayejizoeza hapo hujifunza kuuinua mpira kupita inavyohitajika, na akienda kwenye uwanja wenye kipimo sahihi atampa mpinzani mpira wa kumalizia. Mkanda wa katikati unakazwa kwa dakika chache tu, na uongozi wa hoteli umeshaombwa kufanya hivyo.

Msimu wa kusi ni vyema kuchagua saa ya kwanza ya asubuhi, kwa sababu mpira wa plastiki wenye matobo ni mwepesi na upepo wa baharini ukishashika kasi huupeleka utakako. Mibao hutolewa bila malipo, lakini mipira mingi imechakaa na baadhi ina nyufa zinazobadilisha mdundo, kwa hiyo atakayeweza aje na yake. Wikendi wageni wa hoteli hupewa uwanja kwanza, hivyo nafasi iombwe mapema.