Uzoefu wangu: kliniki ya meno Arusha niliyoikuta na wakaguzi

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma huku mmeshika shavu. Jino langu limepona, kliniki ni nzuri, bei yao si ya kitoto, na yapo mambo mawili yananikera hadi leo. Jina lao silitaji. Iko upande wa Kijenge, ghorofani, na anayeijua ataijua.

Nilikuwa na gego la chini lililotoboka siku nyingi. Likaanza kupwita usiku, ule mpwito wa kukutembeza sebuleni saa nane watu wamelala. Dawa za maumivu zikagoma. Jirani akasema nikang'oe, elfu thelathini biashara imeisha. Daktari alipopiga picha akasema mzizi bado una maisha, tuusafishe na kuuziba, laki mbili na nusu bila kofia, yaani kile kifuniko cha kuvika jino juu. Nikakubali. Kwa umri wangu magego ya kugawa sina.

Nilichotaka hasa kuwaeleza ni siku niliyorudi kwa awamu ya pili ya mzizi nikakuta watu wa ukaguzi. Mimi niliwahi kuwa karani wa masijala kwenye zahanati ya shirika la dini, kwa hiyo ukaguzi naujua kwa upande wa ndani. Mapazia yanafuliwa. Sabuni ya maji inatokea kwenye sinki ambalo tangu Pasaka lilikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Rejesta inajazwa miezi mitatu kwa kikao kimoja, kalamu moja, mwandiko mmoja, na mistari imenyooka utafikiri imepigwa chapa. Mkaguzi mzoefu akiona rejesta safi kupita kiasi anakunja uso.

Hawa walikuja bila hodi, au ndivyo nilivyoona, kwa sababu dada wa mapokezi aliwapokea akiwa na chapati mkononi. Alitugeukia wagonjwa, akasema wazi: "Samahanini wazazi wangu, tuna wageni wa Halmashauri, tutachelewa kidogo. Mwenye haraka nimpangie siku nyingine." Hiyo kidogo ilikwenda mpaka adhana ya adhuhuri. Lakini alipita kwa kila mtu kuuliza nani ana maumivu, na mimi niliyesema ninayo nikatangulizwa.

Kabla sijaingia, mmoja wa wakaguzi akanisogelea. "Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa meno, nipo na timu ya jiji. Kama hutojali, nikuulize machache?" Akauliza kama nilipimwa presha kabla ya kuchomwa ganzi. Kama niliulizwa habari za sukari, mzio, au dawa za kulainisha damu. Kama bei nilitajiwa kabla au baada. Kama nilielezwa kuwa kuna njia nyingine zaidi ya hiyo niliyochaguliwa. Yote yalifanyika, nikamwambia hivyo. Akauliza: ulisaini karatasi?

Hapo nikapata nafasi ya kutoa dukuduku. Nilisaini, lakini fomu ya ridhaa ni ya Kiingereza kitupu, kurasa mbili, herufi ndogo. Mimi nakisoma kwa kukokota. Mzee aliyekaa pembeni yangu, mfugaji kutoka Monduli, aliiwekea dole gumba bila mtu kumsomea mstari hata mmoja. Sasa ridhaa ya nini hiyo? Mzee anajua anang'olewa jino, basi, mengine yote kayakubali kwa imani. Mkaguzi aliandika, akanishukuru, akamgeukia mzee.

Ukutani kuna vyeti ambavyo wengi tunavipita tukitafuta televisheni. Pale niliona cheti cha usajili wa kituo binafsi chini ya Wizara ya Afya. Kando yake leseni ya kila mtaalamu kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kwa sheria ya 2017 ndilo linalosajili madaktari wa meno na ndilo lenye mamlaka ya kusikiliza shauri la mtaalamu aliyekosea. Kipo pia kibali cha mashine ya eksirei kutoka Tume ya Nguvu za Atomu, maana mionzi ina sheria yake ya 2003, na Tume yenyewe kwetu Arusha si wageni, wapo Njiro. Ushauri wangu kwa mgonjwa: linganisha jina lililo kwenye leseni na la mtu anayekwambia "fungua mdomo". Na usione haya kuuliza kama huyo ni daktari wa kinywa na meno au tabibu wa meno. Wote ni halali, ila wa kwanza ana shahada na wa pili stashahada, na kazi zao hazilingani. Hapa wanaye mmoja mmoja. Yule tabibu, kijana mpole sana, aliliangalia gego langu siku ya kwanza akasema, "Hii ni ya daktari, mama, mimi mizizi ya magego siigusi." Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini, kabla hata sijasoma ukuta.

Wakaguzi walikaa muda mrefu zaidi kwenye chumba kidogo cha kutakasia vifaa. Mlango ulikuwa wazi nusu na sikio langu, Mungu anisamehe, bado zima. Kliniki ya meno inaweza kuwa na viti vya ngozi na kiyoyozi, lakini usalama wako uko kwenye ile mashine ya mvuke. Kuchemsha vifaa kwenye sufuria hakutoshi, vipo vijidudu vinavyoyavumilia maji ya moto. Inatakiwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika tatu. Kila kifurushi kinapigwa utepe unaobadilika rangi ukishapata joto. Hapa vifurushi hufunguliwa mbele yako ukiwa umeshakaa kwenye kiti, na utepe una mistari myeusi. Kama kliniki yenu vifaa mnavikuta vimeshapangwa kwenye trei, ulizeni vilifunguliwa saa ngapi na kwa ajili ya nani.

Mashine yao ilikuwa sawa. Kilichowaponza ni daftari lake. Kila mzunguko unatakiwa kuandikwa tarehe, saa, joto na aliyeuendesha, na kurasa zilikuwa na mapengo. Halafu kisanduku cha sindano na ncha kali kilikuwa kimepita robo tatu, wakati hapo ndipo kinapotakiwa kufungwa na kuondolewa. Nimeyajua haya kwa sababu daktari alipokuwa anasubiri ganzi ikolee nilimuuliza wamekutwa na nini, naye hakuzunguka: "Mashine tunaiwasha kila siku, mama, kuandika ndiko kumetushinda. Na kile kisanduku ni uzembe, sina la kusema." Nimekaa na wakubwa wa vituo wengi katika maisha yangu ya ukarani. Wachache wangemjibu hivyo mgonjwa aliyelala mdomo wazi.

Awamu iliyofuata nilikwenda na macho ya masijala. Kisanduku kipya, hakijafika nusu. Daftari jipya limefungwa kwa kamba pembeni ya mashine, nikaomba kuliona na dada akanipa, akicheka. Miandiko ilikuwa mitatu. Kalamu ya bluu, kalamu nyeusi, sehemu moja penseli. Alama ya kikombe cha chai. Jumatano moja haina mzunguko wowote, pameandikwa kwa mkato: umeme hakuna, wagonjwa wamepangiwa Alhamisi. Kwa macho yangu daftari hilo lilikuwa zuri kuliko cheti chochote ukutani, maana la kutengenezwa kwa ajili ya wageni lisingekuwa na Jumatano ile.

Ila hayo nimeyajua kwa udadisi wangu. Mgonjwa mwenzangu asiyeuliza hana pa kuyasoma. Mdogo wangu anaishi Leicester, nilipomsimulia akanitumia ripoti ya kliniki yake ya meno huko Uingereza, na kliniki imetajwa kwa jina. Wana tume yao, CQC, inayokagua kwa kuuliza mambo matano: huduma ni salama, inaleta matokeo, wahudumu wana utu, wanafuata mahitaji ya mgonjwa, na uongozi umesimama? Kliniki za meno hawazipi daraja kama wanavyofanya kwa hospitali, wanaeleza tu kama kanuni zimetimizwa na kipi kirekebishwe. Nimeisoma yote nikiwa Arusha, kitandani. Sisi Wizara ilianza kuvipa vituo nyota mwaka 2015, kuanzia sifuri hadi tano, na wazo lilikuwa zuri. Lakini kwenye kliniki yangu hii sikuona nyota wala ukurasa mmoja wa matokeo ya ukaguzi niliousubiri mpaka adhuhuri. Kama maswali niliulizwa mimi, majibu nayo yanifikie.

Kuna jambo ambalo sidhani kama lina kisanduku chake kwenye fomu ya mkaguzi. Tulikuwa benchi na binti mmoja wa Ngarenanyuki, meno ya kahawia kama wengi waliokulia maji ya Arumeru. Shirika la Afya Duniani linataka floridi, yale madini ya majini yanayotia meno kahawia yakizidi, isipite miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, nasi kwa miaka mingi kipimo chetu kiliruhusu zaidi ya hapo, achilia mbali magadi tunayotia kwenye makande. Binti alikuja na akiba yake akitaka meno yang'arishwe, kuna mtu wa saluni amemwahidi yatakuwa meupe pee kwa siku moja. Alipotoka akanisimulia. Daktari amemwambia rangi ile imo ndani ya jino lenyewe, iliingia utotoni jino likijiumba chini ya fizi. Dawa ya kung'arisha huenda ikapunguza kidogo na huenda ikaacha madoa, na saluni wanaweza kumuunguza fizi. Akamshauri azibe kwanza matundu mawili aliyonayo, halafu ajipange kufunika ya mbele taratibu. Pesa alikuwa nayo mkononi. Wangeweza kuichukua.

Mengineyo kwa haraka: usafi safi, choo kina maji, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unapewa bila kuomba. Bima yangu hawaipokei, fedha taslimu au simu. Ganzi anaichoma polepole, sikuruka. Ngazi ni nyingi na hakuna lifti, mwenye magoti mabovu ajiandae. Wikendi ni nusu siku.

Sasa yale mawili. La kwanza ni fomu, ambayo nilipomaliza matibabu ilikuwa bado ya Kiingereza, "tunaitafsiri, mama". La pili ni sanduku la maoni pale mapokezi. Lina kufuli, na ufunguo nimeambiwa anao meneja, ambaye ndiye watu wanataka kumsema. Nilipochungulia kwenye tundu niliona ganda la pipi.

Kofia ya jino wamenitajia laki tatu na nusu, nimeomba nilipe kwa awamu na wamekubali. Nitaiweka hapo hapo. Wakiniletea tena fomu ile ile, nitamwomba dada aisome kwa sauti mbele ya benchi zima, kifungu kwa kifungu, na mzee wa Monduli akiwepo itakuwa vizuri zaidi.