Kizingiti cha Ngara: uzoefu wangu na familia ya wachonga mawe

Mwezi wa Machi kizingiti cha mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Ngara, Nairobi, kilipasuka katikati, na kila fundi niliyemwita alinishauri nimwage zege kisha nibandike vigae. Mwashi mmoja tu ndiye aliyeinama, akapapasa alama za tindo ukingoni, akanielekeza kwa familia moja katika Eneo la Viwanda ambayo bado huchonga mawe kwa mkono.

Majengo yao yanasimulia historia yao kabla hujauliza neno. La babu, lililo upande wa barabara, ni la mawe ya kijivu yenye mistari ya tindo, na hakuna mawili yanayofanana. La baba ni la mawe ya machimbo ya Ndarugu, karibu na Juja, yaliyokatwa kwa mashine, yale ya inchi 9 kwa 9 yanayouzwa kwa futi. Nyuma kabisa lipo banda la mabati lenye msumeno wa almasi, unaomwagiwa maji muda wote ili usipate moto na vumbi lisitapakae. Mzee anayesimamia kazi sasa alinipeleka kwenye kona ambapo kuta mbili za kwanza zinakutana: safu za mawe hazilingani kimo, na mianya imezibwa kwa vipande vidogo vidogo. "Hapa ndipo baba alipobishana na babu," akasema, wala hakueleza zaidi.

Aliyoyaeleza kwa kirefu ni mawe yenyewe. Mengi ya mawe ya kujengea ya Nairobi ni majivu ya volkano yaliyogandamana, na kwa kuwa huchongeka kwa wepesi, mji ulioanza mwaka 1899 kama kambi ya reli haukuchelewa kupata majengo ya mawe kama Kipande House ya mwaka 1913. Hata hivyo, alikataa kuniuzia jiwe la Ndarugu, ingawa ndilo nililoliomba. "Ukutani litadumu, mama, lakini mlangoni litalika kwa kukanyagwa." Akanichagulia jiwe la kijivu lililo gumu zaidi.

Udhaifu wao ni mpangilio. Niliahidiwa wiki 2, nikangoja 5. Vipimo vyangu viliandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa babu, mvua ya Aprili ikavifuta, na jiwe la kwanza likaja likiwa fupi kwa inchi nzima. Walichonga jingine bila malipo, lakini anayekwenda huko aandikiwe vipimo kwenye risiti. Bei nayo ilikuwa karibu mara 3 ya zege na vigae.

Kijana wa mzee ndiye aliyekuja kulipachika. Alishinda saa nzima akipiga tindo ukingoni hadi mistari ikafuata mshazari wa mawe ya zamani. Rangi bado ni nyeupe kidogo kuliko ya miimo, nami nimeonywa nisilipake vanishi.